Sikio la Hvammur

Mwanakondoo wa kwanza wa asubuhi ile alikuwa jike, mweusi mwenye soksi nyeupe. Salvör alimpakata, mgongo wa mnyama ukiwa tumboni kwake, wote wawili wakitazama upande mmoja, kama inavyotakiwa. Akamkata ncha ya sikio la kulia. Akamtoa pengo dogo nyuma ya sikio la kushoto. Akapaka dawa, akafuta kisu kwenye suruali, akamrudisha kwa mama yake aliyekuwa akigonga sakafu kwa kwato kwa hasira. Hiyo ndiyo alama ya shamba la Hvammur tangu enzi na enzi, na yeyote anayemkuta kondoo wa namna hiyo mlimani anajua wa kumrudisha wapi.

Watu wa bonde letu nao hupata alama, ila si wote. Huipata mwenye shamba, na huja yenyewe: siku moja mtu huamka akakuta masikio yake yamekatwa na kupona kitambo, bila hata tone la damu kwenye mto. Ketill, baba yake Salvör, alikuwa nayo. Babu alikuwa nayo pia, na kwenye picha ya harusi inaonekana wazi. Anayepata alama ndiye anayepata shamba, basi hakuna haja ya mwanasheria wala ugomvi. Watu wa bonde huusifu sana utaratibu huu, hasa wale waliopata.

Salvör alikuwa akiingoja yake tangu alipomaliza chuo cha kilimo. Alimaliza vizuri kuliko wenzake wote wa darasa lile. Kijana mmoja aliyeitwa Hróar, waliyekuwa wakipendana naye, alimtaka waende wote Nyuzilandi kukata sufu, waone dunia, na tiketi walishaanza kuziulizia. Halafu nyonga za Ketill zikaharibika, akawa hawezi kuinama. Salvör akamwambia Hróar atangulie. Hróar alitangulia kweli, na sasa ana mke huko na nyumba yenye miti ya malimau.

Yeye akashika shamba. Alibadilisha mabati ya paa la zizi, akauza madume waliozeeka, akaleta damu mpya kutoka mashariki, na kila msimu wa kuzaa alilala juu ya majani makavu na saa ya kumwamsha shingoni. Kila asubuhi kabla ya kahawa alijipapasa sikio. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Salvör aliinama mpaka kiuno chake nacho kikaanza kulalamika.

Mwanzoni mwa mwezi Mei mdogo wake, Sturla, akashuka kwenye basi la barabarani akiwa na sanduku moja na kinanda cha mkono. Alikuwa amesomea falsafa mjini Reykjavík. Tangu amalize, kazi hazikumwona, na mchumba wake alikuwa amebaki na chumba pamoja na paka. Mama yao, Oddný, akachoma paja zima la kondoo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini siku ya tatu Sturla alilala mpaka jua likawa juu, na mama akawa anapita ukumbini kwa kunyata.

"Amechoka," mama alisema. "Masomo yale ni mazito."

"Na mimi nimezalisha kondoo usiku kucha," Salvör alisema.

"Wewe una nguvu, mwanangu. Siku zote umekuwa na nguvu."

Mabaya zaidi ni kwamba Sturla alikuwa mtu wa kupendeka. Akiingia zizini na kinanda chake, hata wale majike wakorofi wanaokataa watoto wao walitulia, wakanyonyesha. Majirani wakipita walikunywa kahawa mpaka birika likakauka, wakisikiliza habari zake za mjini. Salvör alipokuwa mdogo alimbeba mgongoni kijana huyu, na alimpenda. Sasa akawa anamtazama akicheka mezani, na kila kicheko kikamchoma kama upupu.

Asubuhi moja Sturla alishuka ngazi akiwa bado na nguo za kulalia, akaketi, akajimiminia maziwa juu ya bakuli la mtindi. Ncha ya sikio lake la kulia haikuwepo. Mkato ulikuwa umenyooka, ngozi imepona na kuota vinyweleo. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo nyuma.

Mama akamsogezea sukari.

Ketill akaweka gazeti chini, akanyoosha mkono juu ya meza, akalipapasa sikio la mwanawe kwa kidole gumba, kama afanyavyo kwa mwanakondoo asiyemjua vizuri. "Ni la kwetu," akasema.

"Linawasha kidogo," Sturla akasema.

"Litazoea."

Salvör alikuwa amesimama mlangoni na viatu vya mpira mkononi. Mkono wake ulikuwa bado na damu ya uzazi mpaka kwenye kiwiko. "Na mimi je?" akauliza.

"Wewe umefanyaje?" baba yake akasema.

"Baba, mimi ndiye ninayeshika shamba hili."

"Nani anabisha? Lakini si mimi niliyemkata, mwanangu. Sikio huja lenyewe. Unataka nifanye nini, nigombane na sikio?"

"Dada, kusema kweli mimi sikuomba," Sturla akasema kwa upole, kijiko kikiwa hewani. "Nilikuwa nafikiria kwenda Denmaki."

Ilikuwa kweli kabisa, na hilo ndilo lililomuuma Salvör kuliko yote. Laiti angeomba, laiti angefanya hila, angemchukia kwa raha zake. Alimpa mkono akasema hongera mdogo wangu, kwa kuwa alilelewa vizuri, kisha akaenda kunawa. Ulikuwa wivu, wala hakujidanganya kuuita jina lingine.

Mchana, wenzake walipokuwa mezani wakinywa supu, alikwenda zizini, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akauma kipande cha kamba, akajikata ncha ya sikio la kulia kwa kisu kilekile. Hakukosea hata kidogo, maana kazi hiyo aliijua. Kile kipande alimrushia mbwa, aliyeitwa Kolur. Kolur akakinusa, akakiacha. Mama alimfunga kitambaa bila kuuliza, akamwambia supu imebaki sufuriani.

Kesho yake sikio lilikuwa zima. Lilikuwa laini, jekundu, kama la mtoto mchanga, na hata tundu la hereni lilikuwa limeziba. Akajaribu la kushoto. Nalo likaota.

"Acha basi kujikata," mama alimwambia akikunja shuka. "Damu haitoki kwenye foronya."

"Mama, wewe unaona ni haki?"

Oddný alikunja shuka mpaka likawa dogo kuliko lilivyohitaji kuwa. "Nilipoolewa hapa nilimkuta baba yako na sikio lake," akasema. "Sikuuliza lilitoka wapi. Nenda kamwangalie yule mwekundu, yuko karibu kuzaa."

Mwisho wa mwezi walibaki majike wachache waliochelewa kuzaa. Sturla akasema, kwa kuwa sasa shamba ni lake, itakuwa aibu asijue hata kuweka alama, kwa hiyo watoto wa hao waliobaki atawakata yeye. Ketill alifurahi mpaka akasahau nyonga zake. Sturla hakutaka kumsumbua mtu kwa maswali. Akaingia bafuni, akajitazama vizuri kwenye kioo, akashika moyoni ni sikio la upande gani lililokatwa ncha na ni lipi lenye pengo. Kisha akaenda zizini, akamshika mwanakondoo wakatazamana uso kwa uso, akakata vilevile kama alivyoona kwenye kioo.

Salvör alikuwa juu darini akishusha majani, na aliona kila kitu. Anayemkata mwanakondoo huku wanatazamana hugeuza kushoto kuwa kulia, na alama ya Hvammur ikigeuzwa ni alama ya Bakki, shamba la ng'ambo ya mto, la mzee Finnbogi. Zamani mashamba hayo yalikuwa shamba moja, ndugu wawili wakakosana, mmoja akavuka mto na alama akaigeuza kwa hasira.

Kosa hilo hata yeye aliwahi kulifanya, alipokuwa msichana mdogo, kwa mwanakondoo mmoja tu. Vuli ilipofika, kondoo waliposhushwa kutoka mlimani, Finnbogi alimshika yule mwanakondoo miguu akasema, "Alama ni alama." Ketill akamwachia amchukue. Bonde zima likamwita Salvör wa Bakki mpaka alipokwenda chuoni, na kwenye sherehe za shule wavulana walimlilia kama kondoo.

Aliegemea uma wa majani. Neno moja tu lingetosha.

"Naendeleaje, dada?" Sturla aliita kutoka chini, kisu mkononi, uso umejaa jasho na furaha.

"Vizuri sana," Salvör akasema. "Endelea hivyohivyo."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya sikio, alisikia njaa, akala mpaka mama yake akafurahi.

Kondoo wakapandishwa mlimani, majani yakakatwa, yakakaushwa, yakafungwa. Sturla aliendesha trekta huku akiimba. Salvör alifanya kazi kwa bidii kuliko mwaka wowote, na watu wakasema amelipokea jambo lile kwa moyo mweupe. Moyo wake alikuwa akiujua mwenyewe. Kila alipomwona mdogo wake akijikuna lile sikio, aliwaza Septemba, zizi kubwa, bonde zima limekusanyika, na mzee Finnbogi akisema mbele ya watu kwamba alama ni alama. Baba ataona ni nani anayejua kazi. Ikiwa sikio huja lenyewe, aliwaza, basi linaweza pia kuondoka lenyewe.

Septemba ikafika. Mzee Finnbogi ndiye aliyekuwa tena mfalme wa mlima, yaani mkuu wa msako wa kuwashusha kondoo wa bonde zima, na hakuna aliyemgombania cheo hicho. Walipanda na farasi mpaka kwenye barafu. Salvör alipewa ukingo wa mbali wa mlima, ule wenye ukungu, ambako hupelekwa watu wanaojua. Sturla alikaa katikati pamoja na wazee, na usiku kwenye kibanda cha mlimani aliwapigia kinanda. Wakashuka na kondoo wote wa bonde mbele yao, mto mweupe wenye kelele, mpaka kwenye zizi la mawe.

Zizi hilo ni la mviringo, na kulizunguka kuna vizizi vyenye milango midogo, kila shamba na kizizi chake. Kondoo humwagwa katikati, watu huingia kati yao, humshika mnyama pembe, humpapasa masikio, kisha humkokota kwenye mlango wa kwao. Watoto hupanda migongoni mwa madume. Vichupa vya pombe hutoka mifukoni. Salvör alishika kondoo wa Hvammur bila hata kuwapapasa, kwa kuwa aliwajua kwa nyuso, na jicho moja alikuwa amelibakiza kwa Finnbogi.

Haikuchukua muda. Mzee Finnbogi alimshika mwanakondoo aliyekuwa amemganda mama yake, akampapasa masikio, akampapasa mama, akakunja uso. Akamshika mwingine. Kisha akanyoosha mkono juu, na watu wa karibu wakanyamaza.

"Ketill!" akaita. "Mbona majike wako wananizalia mimi?"

Ketill akachechemea mpaka pale, akapapasa, akaelewa. Rangi ikampanda shingoni. Sturla akaja naye, akatazama yale masikio, kisha akaweka mkono kwenye sikio lake mwenyewe. "Mungu wangu," akasema. "Nilijitazama kwenye kioo."

Mzee Finnbogi alianza kucheka kutoka tumboni. Waliosimama karibu wakacheka, na habari ikazunguka zizi zima kutoka mdomo hadi mdomo, kicheko kikiifuata. "Kwenye kioo!" walisema, wakifuta machozi. "Mwanafalsafa huyu!" Mtu akampa Sturla kichupa. Mwingine akamkumbatia.

"Warudisheni Hvammur," mzee Finnbogi akasema. "Kijana anajifunza. Nani hakuwahi kukosea?"

"Mimi nilikosea," Salvör akasema.

Alisema kwa sauti kubwa, akiwa amesimama katikati ya zizi, mikono imejaa mafuta ya sufu. "Mwanakondoo mmoja, mzee. Ukamchukua."

Finnbogi alimtazama kwa wema, akitafuta kumbukumbu. "Ah, Salvör wa Bakki!" akasema, na watu wakacheka tena, ingawa si kwa nguvu kama mara ya kwanza. "Ulikuwa mtoto mwenye bidii wewe. Wewe ilibidi ufundishwe."

Kondoo walikuwa wamepungua, nafasi ya katikati imekuwa wazi, na kila mtu sasa alikuwa kwenye mlango wa kizizi chake akihesabu. Salvör peke yake ndiye aliyebaki pale. Mfalme wa mlima hawezi kufunga kazi kukiwa na kiumbe kimebaki katikati, hivyo Finnbogi alimwendea, akavua glavu, akampapasa sikio la kulia, kisha la kushoto. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na vya heshima.

"Hana alama," akatangaza.

Salvör alimtazama baba yake. Ketill alikuwa akirekebisha bawaba ya mlango, bawaba ambayo haikuwa na tatizo lolote. Finnbogi akamshika Salvör kiwiko taratibu, akamwongoza kwenye kizizi cha mwisho, kile kilicho karibu na barabara. Kondoo wasio na alama, ambao hakuna anayeweza kuwadai, hupelekwa humo, na ni mali ya wilaya.

Mle ndani kulikuwa na kondoo wawili waliokonda, na watu kadhaa wameketi kwenye ukuta. Alikuwepo dada yake Finnbogi, anayefundisha watoto kuogelea. Alikuwepo mzee Jósteinn, kibarua aliyezeekea kwenye mashamba ya wenzake. Alikuwepo shangazi Dýrleif, dada mkubwa wa Ketill, mpishi wa shule, na chupa yake ya kahawa. Kila vuli tangu utotoni Salvör alikuwa amewaona hapo, akidhani wamependa tu kukaa mahali palipokingwa upepo.

"Sogea hapa, mwanangu," shangazi akasema. "Kahawa bado ina moto."

Salvör aliketi. Akapokea kikombe. "Shangazi, na wewe?"

"Nani unadhani alishika Hvammur wakati baba yako yuko baharini anavua chewa? Alirudi na begi moja na masikio yamekatwa. Akasema hakuomba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniamini? Ulikuwa unatembea bondeni kama bibi harusi. Nilisema labda kwako itakuwa tofauti." Akamwongezea kahawa. "Sikio haliji lenyewe, Salvör. Linafuata moyo wa baba. Yeye mwenyewe hajui, ndiyo maana anaapa bila haya."

"Ulifanyaje?"

"Nilimwonea wivu."

"Mpaka lini?"

Shangazi Dýrleif alitazama ng'ambo ya zizi, ambako kaka yake alikuwa akifunga mlango wa Hvammur nyuma ya kondoo walionona. Aliwatazama kwa muda mrefu, mmoja mmoja. "Kukiwa na jua kama leo ni vibaya zaidi," akasema. "Kukinyesha ninapata nafuu."

Jua lilipoanza kuegemea upande wa bahari, Ketill akaja ukutani. Hakuingia. Alimsalimu dada yake kwa kutikisa kichwa, akavua kofia.

"Nilitaka uwe huru," akamwambia binti yake. "Mtu mwenye elimu yako. Dunia yote iko wazi kwako."

"Nilikuwa nataka Hvammur."

"Najua," Ketill akasema, na akaonekana kujuta kulisema. Kisha akageuka kwa mfalme wa mlima, kwa kuwa utaratibu unataka hivyo, akasema kwa sauti ya watu wote: "Finnbogi, Hvammur tunaomba mkono mmoja wa kazi kwa majira ya baridi. Kijana hajawajua kondoo."

"Nani yuko tayari?" Finnbogi akawauliza wa kizizi cha wilaya. "Salvör, utaenda?"

Shangazi alimshika goti. "Huna alama," akamnong'oneza. "Ukishika barabara hii sasa hivi hakuna mtu duniani atakayekurudisha. Mimi nilikubali mara moja, nikisema ni mwaka huo tu. Wakaja kuniomba kila vuli mpaka mikono ikaisha."

Barabara ilikuwa pale pale nyuma ya ukuta, nyeusi na tupu. Salvör aliitazama. Aliwaza malimau. Kisha akawaza mtu mwingine akiwapa majina wanakondoo wa mwakani, mtu mwingine akiingia alfajiri kwenye lile joto la zizi, na Sturla akikosea, na kusamehewa, na kukosea, bila yeye kuwepo kuona. Hilo hakuliweza.

"Nitaenda," akasema.

"Mpaka kondoo watakapozaa," Finnbogi akasema, akavaa glavu zake. Kazi ya siku ikawa imekwisha.

Sturla alikuwa ameshaketi mbele kwenye gari, mashavu mekundu kwa vichupa vya watu, kinanda magotini. Aligeuka akamtabasamia kwa furaha ya kweli. "Afadhali, dada," akasema. "Bila wewe ningefanyaje?" Ketill alimfungulia Salvör mlango wa nyuma, akaushikilia, na kwa kuwa ndivyo kibarua yeyote anayeazimwa na wilaya anavyopokewa, akamwambia, "Karibu Hvammur."

Salvör akasema asante. Akakaa nyuma pamoja na mbwa, na njia nzima mpaka nyumbani alilitazama sikio la ndugu yake.